Kupima ustawi wa watu kwenye dodoso la kaya: tuulize nini, na tuulizeje?

Mfuatiliaji_Kati

Wadau, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaofanya tathmini za miradi.

Mradi ni wa VICOBA (vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopa) na mbuzi wa maziwa, vijiji 14 wilayani Chemba, Dodoma. Mfadhili ameingiza kiashiria kipya kwenye mkataba: "ustawi wa wanakaya umeongezeka". Namna ya kukipima ametuachia sisi. Fedha zinatosha kuhoji kaya 400 mara mbili, Agosti hii na tena baada ya miezi 18 mradi unapofungwa. Nusu ni kaya za mradi, nusu za kulinganisha.

Dodoso la majaribio lilikuwa na swali moja: "Kwa ujumla unaridhika na maisha yako kwa kiwango gani, kuanzia 0 hadi 10?" Majibu yake hayafai kitu. Zaidi ya nusu walisema 5, wengine wakakimbilia 10, na wazee wengi walijibu "tunamshukuru Mungu", mdodosaji akajaza namba aliyoona yeye inafaa.

Nauliza: (1) maswali gani yanapima ustawi kweli? (2) yaulizwe vipi ili tusipate 5 tupu? (3) kaya 400 zinatosha? (4) inawezekana kuunganisha yote yawe namba moja?

---

TakwimuKwanza

Mkuu, kabla ya kuchagua swali, amua kwanza unapima nini. Hilo neno ustawi lililoko kwenye mkataba limebeba vitu vitatu, na havipandi wala kushuka pamoja.

Kimoja ni hukumu ya mtu juu ya maisha yake: akiyatazama yote kwa pamoja, anayaweka wapi. Kingine ni hisia za siku: jana alicheka, alikuwa na wasiwasi, alilala vizuri. Cha mwisho ni hali anayoishi: chakula, maji, dawa, fedha mkononi, mtu wa kumkimbilia shida ikimpata. Mama aliyempeleka mtoto chuo anaweza kupanda kwenye kile cha kwanza na kushuka kwenye cha pili mwaka huohuo, kwa sababu maisha yake anayaona yanasonga mbele lakini ada inamnyima usingizi. Swali moja haliwezi kukuonyesha hilo.

Mwongozo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri) wa mwaka 2013 kuhusu maswali ya aina hii unatenganisha tathmini ya maisha, hisia, na kuona maisha yana maana. Ofisi ya takwimu ya Uingereza tangu 2011 inauliza maswali manne tu, yote kwa 0 hadi 10: kuridhika na maisha, kuona unayoyafanya yana thamani, furaha ya jana, wasiwasi wa jana. Jihadhari na hilo la nne kama utaiga. Kwenye matatu ya mwanzo namba kubwa ni nzuri, kwenye la nne namba kubwa ni mbaya, na mhojiwa aliyechoka hageuki nalo.

Kwa Chemba ningechukua maswali 15, robo saa hivi kwa mdodosaji aliyefundishwa:

Ngazi ya Cantril, maswali 2. Hadley Cantril aliichapisha mwaka 1965, na ndiyo inayotumiwa na Gallup, kampuni ya kura za maoni, na kupanga orodha ya Ripoti ya Furaha Duniani. La kwanza: "Fikiria ngazi hii yenye vipandio kuanzia 0 chini kabisa hadi 10 juu kabisa. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote ambayo wewe ungeweza kuyapata. Chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote ambayo wewe ungeweza kuyapata. Kwa sasa, unajiona umesimama kipandio cha ngapi?" La pili ni hilohilo kwa miaka mitano ijayo.

Hisia za jana, maswali 6 ya ndiyo au hapana: ulicheka au kutabasamu sana, ulifurahia ulichokuwa unafanya, ulikuwa na wasiwasi muda mwingi, ulikuwa na huzuni muda mwingi, ulikasirika, uliamka umepumzika. Ndiyo/hapana ya jana haihitaji mtu kujua namba, na kumbukumbu ya jana bado ni mbichi.

Upungufu, maswali 5 ya Afrobarometer (utafiti wa maoni ya wananchi katika nchi za Afrika): mwaka uliopita, wewe au mtu wa familia yako mlikosa mara ngapi chakula cha kutosha, maji safi ya nyumbani, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, kipato cha fedha taslimu. Majibu ni kamwe (0), mara moja au mbili (1), mara kadhaa (2), mara nyingi (3), siku zote (4). Jumlisha, gawa kwa 5, unapata alama ya 0 hadi 4. Hapa 4 ndiyo mbaya. Liandike hilo juu ya jedwali kwa herufi nzito.

Watu wa karibu, maswali 2: ukipatwa na shida una ndugu au rafiki wa kumtegemea? Ungeweza kupata shilingi 50,000 ndani ya siku saba bila kuuza mfugo? Kiwango cha fedha kipime kwenye majaribio. Kikiwa kidogo mno kila mtu atasema ndiyo.

Kuhusu swali la (4): usiunganishe. Weka mistari mitatu kwenye ripoti: hukumu, hisia, hali. Mfadhili aking'ang'ania namba moja, mpe wastani wa ngazi, halafu maelezo yafuate chini yake.

---

Bi_Dodoso

Naongezea upande wa uulizaji, maana hapo ndipo data inapoharibikia.

Tatizo la kwanza ni "unaridhika". Kuridhika kwetu ni adabu. Anayesema hajaridhika anaonekana ana tamaa au anamlaumu Mungu, tena mbele ya mgeni mwenye kishkwambi. Ngazi haimuulizi kama anashukuru, inamuuliza amesimama wapi. Ndiyo maana inafanya kazi vizuri zaidi vijijini, ingawa si dawa ya kila kitu.

Tano zinatoka shuleni. Tano kwa kumi ni "nusu", jibu lisilo na lawama. Kumi zinatoka kwenye hofu ya kuudhi mradi, na sifuri mara nyingine inatoka kwenye tumaini la kuingizwa kwenye mgao. Fanya hivi:

Chora ngazi kwenye karatasi ngumu ya A4, ipigwe nailoni, vipandio 11 kwa nafasi sawa. Mhojiwa aonyeshe kwa kidole. Asitamke namba, mdodosaji ndiye aisome.

Kabla ya swali lenyewe fanya zoezi kwa kitu kisicho na aibu: "Mvua za msimu uliopita, ungeziweka kipandio gani?" Akiweka mvua mbaya juu ya ngazi, hajaelewa, eleza upya kabla ya kuendelea.

Cantril mwenyewe hakuanza na namba. Alimwacha mtu aeleze kwanza maisha bora na maisha mabaya kwake yangekuwaje, ndipo akamwonyesha ngazi. Nusu dakika ya "kwako wewe maisha mazuri kabisa yangekuwaje?" inapunguza zile 5 za kukwepa, na inakupa maneno ya watu wenyewe ya kuweka kwenye ripoti. Ila ukiliuliza raundi ya kwanza, raundi ya pili lazima uliulize palepale.

"Tunamshukuru Mungu" ina kanuni yake: mdodosaji aseme "Amina. Na kwenye ngazi hii unajiweka wapi?" Akirudia jibu lilelile, soma swali zima mara moja zaidi. Akirudia tena, jaza 98 na uendelee. Kishkwambi kiruhusu 98 (hajui) na 99 (amekataa). Programu isiyo na njia hizo mbili ndiyo inayomlazimisha mdodosaji kubuni namba, na ndicho kilichokukuta.

Mpangilio: ngazi ije mara tu baada ya ridhaa na orodha ya wanakaya. Ukianza na mali, madeni na njaa, mtu anafika kwenye ngazi akiwa ameshakumbushwa umaskini wake. Angus Deaton alionyesha mwaka 2012 kwa data za Gallup za Marekani kwamba kutanguliza maswali ya siasa tu kulishusha wastani wa ngazi kwa zaidi ya nusu kipandio. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko mradi wako utakavyoleta.

Lugha: Chemba una Wasandawe, Warangi, Waburunge na Wagogo. Usimwachie mdodosaji atafsiri papo hapo mlangoni kwa mtu. Pata tafsiri moja kwa kila lugha, mtu mwingine airudishe kwenye Kiswahili bila kuona ya awali, mlinganishe, kisha rekodi sauti iliyokubaliwa muiweke ndani ya kishkwambi.

Faragha: mwenyekiti wa kitongoji anawatambulisha, halafu anakaa kusikiliza. Mwombe mapema amalize utambulisho wa kaya zote kabla mahojiano hayajaanza. Mume au mama mkwe akiwepo, mwanamke anapanda vipandio. Weka swali la mdodosaji mwishoni: "Nani mwingine alikuwa anasikia?"

La mwisho, usimhoji mkuu wa kaya peke yake. Utakuwa umepima ustawi wa wanaume wenye umri mkubwa. Kishkwambi kichague mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu, na raundi ya pili ni yuleyule. Hayupo, rudi. Usibadilishe na mke wake.

---

Nyika_Data

Naona mnaidharau namba moja. Bhutan wanafanya. Furaha ya Jumla ya Taifa ina nyanja 9 na viashiria 33, na wana fahirisi moja inayolinganishwa tangu 2010, ikarudiwa 2015 na 2022. Nyanja ni afya ya akili, afya, elimu, matumizi ya muda, utamaduni, utawala bora, uhai wa jamii, mazingira na hali ya maisha. Kila nyanja ina uzito sawa, mtu akitosheka kwenye theluthi mbili za uzito wote anahesabiwa mwenye furaha. Kwa nini mradi usifanye vivyo hivyo kwa udogo wake?

---

TakwimuKwanza

@Nyika_Data, hesabu ya Bhutan ni safi, inatumia njia ya Alkire na Foster, ileile iliyo kwenye fahirisi ya umaskini wa nyanja nyingi ya UNDP. Lakini angalia inahitaji nini. Kwa kila kiashiria lazima uweke mstari wa "kutosheka". Kwa kila nyanja lazima useme uzito. Bhutan walikubaliana kama taifa, na tunu hizo zimo hadi kwenye katiba yao ya 2008. Mradi wa mbuzi hauna mamlaka hayo. Ukisogeza mstari wa kutosheka wa kiashiria kimoja, matokeo yanageuka, na mtu yeyote mwenye jicho kali atauliza ulisogeza kabla au baada ya kuona data.

Kuna ubaya mwingine wa kiutendaji. Fahirisi ikipanda kwa 0.02 hujui ni mbuzi, ni kisima kilichochimbwa na halmashauri, au ni mvua. Itabidi uifumue tena nyanja kwa nyanja, na utarudi kwenye ile mistari mitatu.

---

Nyika_Data

Kwa mradi nakubali. Kwa mkoa au nchi bado natetea.

---

Afya_ya_Akili

Ameniudhi kidogo mtu aliyewahi kusema kila mradi uweke PHQ-9 kama kipimo cha ustawi, na naona miradi mingi inafanya hivyo, kwa hiyo naandika kabla haijapendekezwa hapa.

PHQ-9 ni ya kuchuja sonona. Maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na 10 kwenda juu ndipo kwa kawaida mtu huelekezwa kuchunguzwa zaidi. Inapima ugonjwa. Mtu mwenye 2 na mtu mwenye 0 wote hawana sonona, lakini hilo halikuambii kama maisha yao ni mazuri. Kijiji kizima kinaweza kukaa kati ya 0 na 4 raundi zote mbili huku mengine yote yakibadilika.

Halafu swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiliuliza, umejitwika wajibu. Kabla ya siku ya kwanza uwanjani lazima uwe na: jina na simu ya mhudumu wa afya aliyekubali kupokea rufaa, usafiri wa siku hiyohiyo, msimamizi anayepokea taarifa ndani ya saa moja, na wadodosaji waliofundishwa wasimwache mtu peke yake. Kishkwambi kitoe tahadhari papo hapo jibu likiwa 1 au zaidi. Ukikusanya data hiyo na kuiona ofisini wiki tatu baadaye, umemtendea mtu ubaya. Huna mpango huo, usiulize.

Ukihitaji kipimo kifupi cha hali ya moyo chenye sura ya ustawi, tumia WHO-5, ya Shirika la Afya Duniani. Ni kauli 5 kuhusu wiki mbili zilizopita, zote za upande mzuri: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, siku kujaa mambo yanayokuvutia. Kila moja 0 hadi 5, jumla hadi 25, zidisha kwa 4 upate 0 hadi 100. Aliye na 50 au chini anastahili kuulizwa zaidi na mtaalamu. Hapa hakuna swali la kujidhuru, lakini orodha ya rufaa bado iwe mkononi.

Mitego yake vijijini ni miwili. Kauli ya kuamka umepumzika inashuka msimu wa palizi kwa kila mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri. Hapo unapima kazi, si moyo. Na majibu ya "zaidi ya nusu ya muda" na "chini ya nusu ya muda" hayaeleweki kwa masikio tu. Tengeneza kadi sita, moja kwa kila jibu, kila kadi ikiwa na duara 14, siku moja duara moja: 14 zimejaa, 11, 8, 5, 2, hakuna. Ukifanya hivyo liandike kwenye ripoti, maana umebadilisha namna ya kuuliza na hulinganishi tena moja kwa moja na nchi nyingine.

Vibali pia: utafiti unaogusa afya ya watu Tanzania unapitia kamati ya maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa ngazi ya taifa. Anza miezi kadhaa kabla. Na majina yatenganishwe na majibu tangu mwanzo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

---

Mfuatiliaji_Kati

Nashukuruni sana. PHQ-9 nimeiondoa, ilikuwa kwenye rasimu. Sasa nijibiwe lile la kaya 400. Na kundi la kulinganisha tulipanga liwe majirani wasio kwenye VICOBA, vijiji vilevile 14, kupunguza gharama za gari.

---

TakwimuKwanza

Twende na hesabu.

Kanuni ya haraka, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo kweli) na kiwango cha 5% (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo): idadi kwa kila kundi = 16 × (SD ÷ tofauti unayotaka kuiona) kwa kipeo cha pili. SD ni ule mtawanyiko wa majibu ambao Excel inakupa. Kwa ngazi chukulia 2.3, kisha uisahihishe kwa data ya majaribio. Unataka kuona nusu kipandio: 16 × (2.3 ÷ 0.5)² = watu 339 kila kundi.

Hiyo ni kama umewachagua mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Wewe unawachukua kijiji kwa kijiji, na watu wa kijiji kimoja wanafanana: mvua ileile, barabara ileile. Kwa hiyo zidisha kwa 1 + (m − 1) × ICC, ambapo m ni watu kwa kijiji na ICC ni kiwango cha kufanana. Kwa m = 15 na ICC = 0.05 unapata 1.7. Watu 339 wanakuwa 577 kila kundi, yaani vijiji 39 vya mradi na 39 vya kulinganisha.

Sasa igeuze. Una vijiji 14, ukihoji 14 kila kijiji ni 196 kwa kundi. Kizidishi ni 1 + 13 × 0.05 = 1.65, kwa hiyo wale 196 wana uzito wa watu 119 hivi. Tofauti ndogo kabisa utakayoiona ni 4 × 2.3 ÷ √119 = vipandio 0.84. Kwa kuwa unawahoji watu walewale mara mbili, tumia jibu la kwanza kama kirekebishi. Majibu ya mtu yakihusiana kwa 0.5, unashuka hadi karibu 0.73. Hesabu hii inachukulia una vijiji 14 vingine vya kulinganisha.

Kosa kubwa kuliko ukubwa wa sampuli ni kalenda. Agosti pamoja na miezi 18 ni Februari. Agosti Chemba watu wametoka kuvuna, mtama na uwele vimo ghalani, alizeti inauzwa. Februari ghala ziko tupu na shamba linataka jembe. Utapima njaa na kuiita matokeo ya mradi. Kundi la kulinganisha linasaidia, lakini maswali ya hisia na ya upungufu yatakuwa yamekandamizwa pande zote mbili, na athari ya mbuzi msimu wa njaa si ile ya msimu wa mavuno. Sogeza raundi ya pili iwe Agosti, yaani baada ya miezi 12 au 24. Siku za mnada ziepuke pande zote, na Ramadhani isiangukie raundi moja tu.

---

Ziwani_Siaya

Kwa kuongezea hapo juu, kuna kipimo cha kukusaidia kujua utarajie nini. Huku Rarieda, Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilituma pesa bila masharti kwa M-Pesa, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakapima matokeo. Makala yao ilitoka 2016. Kaya zilipata ama dola 404 au dola 1,525 kwa thamani ya uwezo wa kununua. Furaha ilipanda kwa 0.16 ya SD, kuridhika na maisha kwa 0.17 ya SD, na msongo ukashuka kwa 0.26 ya SD.

Maswali yao ya furaha na kuridhika hayakuwa ngazi ya Cantril, lakini chukulia uwiano unafanana: 0.17 × 2.3 ni vipandio 0.39. Yaani pesa nyingi namna hiyo, mkononi, zilileta chini ya nusu kipandio. Ninyi mnaweza kuona 0.73 kwenda juu. Mbuzi mmoja na mkopo wa VICOBA havitafika hapo hata mradi ukifanya kazi vizuri kabisa. Mkiahidi kwamba ngazi itapanda, ripoti ya mwisho itasema "hakuna mabadiliko" na mfadhili atasoma kwamba mradi umeshindwa, kumbe ni sampuli iliyoshindwa.

Ningeandika mkataba upya hivi: kiashiria kikuu kiwe upungufu (yale maswali 5) pamoja na uwezo wa kupata 50,000 kwa siku saba, kwa kuwa viko karibu na kile mnachokifanya. Ngazi na hisia zibaki kama za kufuatilia, ziripotiwe na kiwango cha mashaka yake, bila shabaha.

Na majirani wasiwe kundi la kulinganisha. Haushofer na wenzake waliangalia hilo pia kwa data za hukuhuku: mali ya wenzako kijijini ikiongezeka, kuridhika kwako na maisha kunashuka, ingawa hali hiyo hufifia na muda. Jirani akiona mbuzi anaingia boma la pili na kwake hakuna, anateremka kipandio. Wewe ukitoa wastani wa majirani kwenye wastani wa kaya za mradi, utaona "faida" ya mradi ambayo nusu yake ni kinyongo cha jirani. Chukua vijiji vingine, mbali kidogo, vyenye mvua na barabara za kufanana. Kama gari ni ghali, bora vijiji 10 kwa 10 vyenye watu 20 kuliko 14 vilivyochanganywa. Utapoteza nguvu kiasi, lakini utakachopima kitakuwa kweli.

---

Bi_Dodoso

Hapo kwa Ziwani nakubali asilimia mia. Niongeze ukaguzi wa kila jioni, usisubiri mwisho wa kazi ya uwanjani. Panga data kwa jina la mdodosaji na uangalie: wastani wake wa ngazi ukilinganisha na wenzake kijiji hichohicho, sehemu ya majibu yaliyo 5, idadi ya 98, na dakika alizotumia kwenye yale maswali 15. Aliyetumia dakika nne hakuonyesha ngazi. Asiye na 98 hata moja baada ya kaya 40 anajaza mwenyewe. Msimamizi arudie kaya moja kati ya kumi, maswali matatu tu, ndani ya siku mbili. Asitegemee ngazi ilingane kabisa. Kutofautiana kwa kipandio kimoja ni kawaida, kwa vinne si kawaida.

---

Mfuatiliaji_Kati

Nimebadilisha kiashiria na vijiji vya kulinganisha nitapeleka kwa bosi kesho. Moja la mwisho: wanataka raundi ya pili ifanywe kwa simu, kuokoa mafuta. Inakubalika?

---

TakwimuKwanza

Raundi ya kwanza ana kwa ana na ya pili kwa simu, hapana. Kwenye simu hakuna karatasi ya ngazi, mtu anajibu kwa namba aliyoisikia, na anajibu akiwa sokoni, kwenye bodaboda au mbele ya mumewe. Tofauti ya namna ya kuuliza itachanganyika na tofauti ya muda, hutaweza kuzitenganisha tena. Zaidi, wasio na simu ndio walio chini kwenye ngazi. Wakitoka, wastani unapanda wenyewe.

Wakilazimisha, kuna njia mbili. Raundi zote mbili ziwe kwa simu, pande zote mbili, na ukubali kwamba unapima wenye simu tu. Au raundi ya pili ana kwa ana kwa vijiji nusu vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu na simu kwa nusu nyingine, ili ujue simu yenyewe inasogeza jibu kiasi gani. Ya pili inaokoa mafuta kidogo tu, na kwa sampuli yako makadirio ya tofauti hiyo yatakuwa legevu. Mimi ningepunguza kaya kwa kijiji kutoka 20 hadi 16 na gari liende.